Barafu Chupani

Pale maabara walimwita Binti wa Bucha, maana baba yake alikuwa muuza nyama, naye jina hilo alilibeba kwa maringo. Kazi yake ilikuwa moja: kwenda machinjioni kupokea vifuko vya mayai ya ng'ombe, kuvitia kwenye chupa ya maji ya chumvi yaliyo vuguvugu, na kuvifikisha mbio.

Siku nne nyuma alikuwa ameleta vya Malkia, ng'ombe wa mama mmoja mjane. Malkia alivunjika mguu ikabidi achinjwe, na hakuacha ndama jike. Mama alitaka mayai ya Malkia yatungishwe mimba pale maabara, kizazi chake kisipotee.

Siku hiyo jua lilichoma. Binti akajiambia nyama ni nyama, joto litaivundisha; baba alimfunza hivyo tangu hajaota meno. Akanunua barafu, akaijaza chupani. Alipokaribia maabara akaimwaga, akatia maji ya moto kidogo, akajiona mjanja kweli kweli.

Sasa alikuwa anapiga deki, mama ameketi na mkoba mapajani, daktari ameinamia hadubini.

"Mama, pole. Hakuna hata yai moja lililogawanyika kuwa mimba."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Yai la ng'ombe limejaa mafuta. Ndiyo akiba yake. Huyatumia kidogo kidogo ili likomae, na mimba ikiingia, siku za mwanzo hupata nguvu humo humo. Ama akiba ilikuwa haba, ama mayai yamepigwa na baridi. Baridi huyaharibu mafuta hayo, na yai linakwenda nayo."

"Baridi, na jua lile?" Mama akatikisa kichwa. "Basi ni mimi. Mwezi mzima nilimpunguzia pumba. Nimemmaliza mwenyewe, na watoto wake pia."

Hakuna aliyemwona Binti njiani. Angepiga deki mpaka mlangoni akatoka zake. Lakini mama alikuwa anajipiga paja, polepole, kama anayemwadhibu mtoto.

"Si pumba, mama." Binti akaacha kupiga deki. "Si pumba. Nilitia barafu."

Daktari akageuka. "Si nilikwambia vuguvugu?"

"Uliniambia. Nikaona najua zaidi."

"Haya, Binti wa Bucha," fundi wa maabara akadakia, "ulitaka kutuuzia kilo ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Binti uso ulimwaka mpaka masikioni.

"Kwa hiyo sikumnyima?" mama aliuliza.

"Hukumnyima, mama. Nisamehe."

Mama alifuta macho kwa kiganja, akainuka, akapita mbele yake bila kumtazama. Mkono wa Binti ulibaki umenyooshwa nusu, unadondosha maji ya deki sakafuni, mpaka daktari alipomwambia afunge mlango.