Kadi ya Rangi Saba

Siku ya kumi na nne tangu maiti ya mumewe ichomwe kando ya mto, Dhanmaya alirudi kwenye karakana ya kadi akiwa na sari nyeupe ya ujane, akaketi mahali pake karibu na dirisha. Wanawake wanane walikuwa wameinamia meza ndefu, kila mmoja na mhuri wake wa mbao, wakigonga maua juu ya karatasi nzito za magome ya mti. Zilikuwa zimebaki siku sita kufikia siku ya madada kuwapaka kaka zao tika ya rangi saba kwenye paji la uso, na mji mzima wa Bhaktapur ulikuwa unataka kadi za siku hiyo.

Binti yake Sarmila alikuwa mbele yake, akigonga kwa hasira.

"Polepole, msichana," alisema Suntali, jirani yake wa meza. "Unagonga ua au unaua mende?"

Wengine wakacheka chini chini, kisha wakakumbuka msiba wakainamia tena mihuri yao.

"Tengeneza ya mdogo wako," Dhanmaya alimwambia binti yake. "Rafiki yake Lokendra anarudi Doha kesho. Ataibeba."

"Mwaka huu hakuna, mama."

"Kila mwaka unampelekea."

"Kila mwaka baba alikuwa hai." Sarmila hakuinua uso. "Hizi za kuuza ni kazi. Ya kwetu siwezi. Nyumba ina msiba, mwaka mzima hakuna tika wala rangi. Si wewe uliyenifundisha?"

Kweli ni yeye. Lakini Bikal, mwanawe wa pekee wa kiume, hakujua kama baba yake amekufa, na Dhanmaya ndiye aliyeamua asijue. Bikal alikuwa fundi wa kufunga majukwaa ya chuma huko Doha, anapanda ghorofa ya ishirini na kitu, na chini yake hewa tupu. Mwaka uliopita kijana wa mtaa wao aliambiwa kwa simu, akiwa juu huko huko, kwamba mama yake amefariki. Akaanguka. Dhanmaya aliliona sanduku la maiti alilorudishwa ndani yake.

Kwa hiyo mume alipokata roho aliwakusanya ndugu, na Lokendra pia, akawaapisha: Bikal ataambiwa atakapotua, miezi minne ijayo, mkataba ukiisha. Kijana alipouliza habari za baba, aliambiwa koo linamwasha, daktari amemkataza kuongea. Alipotaka kuona sura, aliambiwa simu imepasuka kioo.

"Kadi isipofika atauliza kwa nini," alisema Dhanmaya. "Hapo atajua, na sijui atakuwa amesimama wapi."

Sarmila akaendelea kugonga. Basi mama akavuta karatasi mwenyewe.

Aligonga maua matatu ya zambarau, yale yasiyonyauka, ambayo dada humvisha kaka shingoni. Kila ua akalifunika kwa kipande cha karatasi alichokikata sawasawa na umbo lake. Kisha akachovya sifongo kwenye wino wa njano na kuuzungusha juu ya kadi kwa mkono mwepesi, akafuatisha wa chungwa, halafu mwekundu pembeni, akizidi kuzungusha mpaka ikawa huwezi kuona rangi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Alipobandua vile vipande, maua yakabaki safi katikati ya moto ule. Mwisho akaweka karatasi yenye upenyo mwembamba, kama ule wanaoutoboa kwenye jani la mgomba nyumbani ili kupitishia tika, akadondosha humo rangi saba, moja juu ya nyingine. Ilipofika nyekundu mkono ulisita. Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu wamfute utosini nyekundu ambayo mke huipaka mumewe akiwa hai. Akadondosha.

Kwa herufi zake za darasa la nne akaandika, "Mdogo wangu, uishi sana. Dada yako." Akatia na ile karatasi ya upenyo ndani ya bahasha, ili rafiki ampake kijana tika ya kweli.

"Umeandika kana kwamba ni mimi," alisema Sarmila.

"Kwa kuwa wewe hutaki."

"Na akijua?"

"Atajua akiwa hapa mbele yangu, nimshike."

Siku ya tika ilifika. Nyumba yao ilikaa kimya. Doha ilikuwa siku ya mapumziko. Wenzake Bikal walimkalisha juu ya ndoo, mmoja akampaka rangi saba kupitia ule upenyo, wakampiga picha anacheka, kadi kifuani. Akaiweka mtandaoni watu waione.

Ami yake mmoja wa mbali, ambaye hakuwepo siku ndugu walipoapishwa, aliiona. Akaandika chini yake: "Majivu ya baba yako hayajapoa, wewe umejipaka rangi na kucheka. Huyu ni mtoto gani?"

Simu ilipolia, Dhanmaya alikuwa anachambua mchele.

"Uko chini au uko juu?" Ndilo neno la kwanza lililomtoka.

"Niko chini. Baba yuko wapi?"

Akaweka ungo chini.

"Siku zile kumi na tatu za msiba," alisema Bikal, "ambazo mtoto wa kiume anakula bila chumvi, mimi nilikula mbuzi. Nilicheza mpira, mama. Nilikupigia kukuambia nimefunga mabao mawili, ukacheka."

"Nilicheka usije ukajua."

"Nani aliwasha moto wa baba badala yangu?"

"Ganesh, mtoto wa baba yako mkubwa."

"Na dada akanitumia rangi."

"Si dada. Alikataa. Ni mimi."

Nyuma ya Bikal walisikika watu wakiongea, wengi.

"Uliogopa nitaanguka," alisema. "Chumba hiki tuko kumi na wawili. Ungemwambia Lokendra akae nami kitandani aniambie, wangenishika wote. Hukufikiri nina watu?"

Hakuwa amefikiri. Katika mawazo yake yote kijana alikuwa juu, peke yake.

Bikal alinyoa nywele huko huko, akajipikia wali bila chumvi siku kumi na tatu. Miezi minne ilipotimia, badala ya kukata tiketi alitia saini miaka mingine miwili.

Siku hizi Dhanmaya akisikia mama yeyote pale karakana anamficha mtoto wa mbali habari, huacha kazi na kumwambia: mtafutie kwanza wa kukaa naye, halafu mwambie leo hii. Wengine humsikiliza. Wengine husema mtoto wao ana moyo mwepesi.

Kila jioni Bikal humpigia dada yake. Anauliza paa linavuja bado, na mpwa wake, mtoto wa Sarmila, ameota meno mangapi. Mwanzoni Sarmila alikuwa anasema, "Mama yupo hapa," naye anasema, "Sawa," na simu inakatika. Sasa Sarmila hasemi kuwa mama yupo. Anaifungua sauti ya simu na kuiweka juu ya mkeka, na Dhanmaya anakaa karibu yake, kinywa ameziba kwa pindo la sari, asije akasikika anapumua.