Picha ya Zamu za Harusi ya Saumu

Jana usiku, usingizi ulipokolea, niliota niko mezani kwa mama, mbele ya kompyuta, napanga zamu za harusi ya dada yangu Saumu. Harusi yenyewe ni leo. Jedwali lilikuwa na safu mbili tu: majina kushoto, kazi kulia. Shangazi Mwanaidi ndiye somo, wa kukaa na bibi harusi chumbani. Bwana Semboja ndiye wa kuchinja mbuzi. Mambo ya kawaida.

Nikaona majina yako shaghalabaghala, nikayapanga kwa alfabeti. Majina peke yake. Kazi nikaziacha zilivyo, kila moja kwenye mstari wake wa zamani.

"Umemaliza?" Jedwali likaniuliza.

"Nimemaliza. Sasa nataka uwe picha, nikutume kwa barua pepe kwa ukoo mzima. Simu za wazee hazifungui majedwali. Tena picha hakuna wa kuichokonoa, maana binamu zangu nawajua mimi."

"Nikishakuwa picha habadiliki mtu."

"Ndicho ninachotaka."

Jedwali likavuta pumzi, likakodoa macho, likaganda.

Papo hapo meza inakuwa uwanja wa nyumbani, na mistari imechorwa chini kwa chokaa. Kila mtu kasimama ndani ya kisanduku chake. Na Shangazi Mwanaidi, mama wa watu, kanga mpya kiunoni, amechuchumaa anasugua masufuria!

Moyo ukanilipuka. "Shangazi! Nani kakuweka hapo?"

"Wewe, baba," ananijibu bila kugeuza shingo. "Picha inasema nioshe, naosha. Saumu nimempakata angali mchanga, leo haki yangu ni masizi. Haya."

"Sasa nani yuko chumbani na Saumu?"

"Katazame."

Nakimbia. Saumu amekaa mkekani, hina mikononi, anatetemeka. Bwana Semboja kasimama mbele yake, kisu mkononi, upole mtupu.

"Mwanangu," anamwambia, "lalia ubavu wa kushoto, uelekee kibla."

"Yarabi toba! Bwana Semboja, huyo si mbuzi!"

"Hilo nalijua," anasema. "Lakini nimepangiwa chumba hiki, na kazi ninayoijua mimi ni moja."

Nje honi inalia. Ni Barua Pepe, imevaa koti la mvua, mkoba begani. Inauliza kama picha iko tayari.

"Bado! Ngoja nirekebishe!"

"Picha hairekebishwi, kaka. Rudi kwenye jedwali."

"Jedwali liko wapi?"

"Ulilihifadhi?"

Wapi! Nilihifadhi picha tu.

Nikamrudia Shangazi mbio, nikamkamata kanga, nikamvuta atoke kisandukuni. Hatoki. Mstari wa chokaa ukaikata ile kanga, chwaa! Nikaanguka chali na kipande mkononi. Barua Pepe ikaikunja picha, ikaitia mkobani, ikaondoka zake. Sikuwahi kuogopa namna ile.

Nikazinduka jasho linanitiririka. Kumekucha, jogoo wanawika, kompyuta iko mezani imefungwa. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Ndoto tu, jamani. Jana nilisinzia kabla hata ya kuituma.

Simu ikaita. Shangazi Mwanaidi.

"Picha yako nimeiona," akasema, wala hakunisalimu. "Masufuria nitaosha, mimi si mtu wa kugomba siku ya shughuli. Ila niambie jambo moja, baba: nani kanikatia kanga yangu nikiwa nimelala?"

Nikautazama mkono wangu. Ngumi ya kushoto nilikuwa bado nimeikunja. Nikaifungua. Kipande cha kanga kilikuwa humo, kimelowa povu la sabuni.

Na chumba cha pili, mlangoni kwa Saumu, mwanamume mmoja akapiga hodi kwa upole: "Mwanangu, nimepangiwa chumba hiki."