Jibu Lililopokelewa Dirisha la Tatu

Foleni ya ofisi ya vitambulisho ilipoanza kusogea saa mbili asubuhi, Brightness alikuwa mtu wa arobaini na moja. Alitoka lindoni Hillbrow, mtaa wa Johannesburg, alfajiri, na buti za kampuni zilikuwa bado miguuni. Daftari la historia lilikuwa wazi juu ya bahasha ya vyeti. Mtihani ulikuwa saa nane mchana, wa saa mbili. Bila kitambulisho halali hangeingia ukumbini, na bila mtihani huo hangekuwa mwalimu.

Kitambulisho chake kilikuwa kimezuiwa tangu Machi. Baba yake, Thabo, alirudi Afrika Kusini kutoka uhamishoni Morogoro na mke Mtanzania na mtoto wa miaka miwili, Brightness mwenyewe. Thabo sasa ni marehemu, na kompyuta inasema mtoto huyo ni mgeni.

"Dada, unasoma nini toka asubuhi?" aliuliza Alexis, kinyozi Mrundi aliyekuwa nyuma yake.

"Uchaguzi wa kwanza wa rais wa Marekani. New York haikupiga kura."

"Walisusa?"

"Hapana. Bunge lao lilikuwa na mabaraza mawili. Yalitakiwa kuteua wajumbe wanane wa kumchagua rais. Kila baraza likataka njia yake, mpaka siku ikapita."

"Na rais?"

"Majimbo mengine yalimchagua. Akaja kuapishwa hapohapo New York."

Alexis alicheka mpaka mlinzi akageuka. "Sherehe wamepewa, kura hawana! Eish, watu hao wangepata kazi humu ndani."

Saa tano Brightness alifika dirisha la tatu. Karani, Nomsa, hakuinua macho. "Faili limefungwa. Lete barua ya masjala, chumba cha kumi na moja, juu."

Juu, Steve wa masjala alikuwa akipanga klipu za karatasi. "Barua natoa faili likishafunguliwa. Dirisha la tatu wafungue kwanza."

"Wanasubiri barua yako, kaka."

"Na mimi nawasubiri wao."

"Basi wapigie simu. Ni ngazi moja tu."

"Dada, sisi hatupigiani simu."

Alishuka. Alipanda. Alishuka tena. Saa saba na nusu aliegemea kioo cha dirisha. "Mama, mtihani wangu ni saa nane."

"Mwanangu, mimi sijakukatalia," Nomsa alisema kwa upole.

"Najua. Hata wa juu hajanikatalia."

Saa nane kamili aliketi kwenye benchi, akageuza fomu tupu, akaandika namba yake ya mtahiniwa. Chini yake akaandika: Kwa nini New York haikupiga kura?

Alexis, aliyeambiwa arudi Alhamisi, alisimama mbele yake. "Unaandika malalamiko?"

"Ninafanya mtihani."

Alimtazama, akaona hatanii. Akaenda kumletea fomu nyingine tatu, akaketi kando yake.

Saa tisa na nusu mlinzi alianza kufunga milango. Brightness alisukuma karatasi nne chini ya kioo. Nomsa hakuzisoma. Alivuta mhuri na kugonga mara nne: IMEPOKELEWA, pamoja na tarehe. Ndio mhuri pekee uliogongwa kwa jina la Brightness tangu Machi.

"Utapigiwa simu," alisema.

"Andika na saa, Mama."

"Saa ya nini?"

"Nimemaliza kabla ya muda."

Nomsa alitazama ukutani, akaandika.