Mekundu Kabla ya Jumatatu

Lori la mnunuzi lilikuwa lije Jumatatu asubuhi. Wiki moja kabla, matufaha yangu yalikuwa bado yamepauka, maana joto la usiku lilikuwa limeyanyima rangi. Hapa kwenye vijiji vya Grójec tufaha lisilo jekundu halipandi lori. Linakwenda kiwanda cha juisi, na bei ya kiwanda haimlishi mtu.

Nikapuliza dawa ya rangi. Haipaki kitu, inaliharakisha tunda liive, na likiiva linakuwa jekundu. Ila inalegeza kikonyo pia, ndiyo maana mwenye akili huongeza dawa ya pili ya kukishikilia. Ya kwanza niliinunua mjini kwa siri. Ya pili ilikuwa kwa shemeji yangu Lucjan peke yake, na kijiji kizima kilishanisikia nikimcheka kwa dawa hizo, nikimwita fundi wa rangi. Sikwenda kumwomba.

Jumapili alfajiri yalikuwa mekundu, na yalikuwa yanaanguka. Niligusa moja tu, likabaki mkononi.

Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya mavuno, na mimi ndiye niliyechaguliwa kupeleka altareni mkate wa unga mpya. Jumapili hakuna achumaye. Vibarua walikataa kabla sijamaliza kuuliza. Ruhusa ni ya padri, na padri wetu huitoa mbele ya watu, akishasikia sababu. Mke wangu Bogna alinifunga tai, akaniambia niseme ukweli au ninyamaze kabisa.

Kanisani upepo ulikuwa ukitikisa madirisha. Kila ukivuma niliona miti yangu. Nilifika mbele, mkate unaloa jasho la viganja vyangu.

"Baba, naomba ruhusa ya kuchuma leo. Matufaha yanaanguka."

"Ni huu upepo?"

Ningeweza kuitikia. Lucjan alikuwa benchi la mbele, kakunja mikono.

"Si upepo, Baba. Nimepuliza dawa ya rangi, nikaacha ya kushikilia."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. Padri alisubiri kiishe, akapokea mkate, akasema mwenye nafasi akasaidie, lakini baada ya misa. Misa haijawahi kuwa ndefu vile.

Mlangoni Lucjan alinishika kiwiko. "Haya, fundi wa rangi. Ndoo ziko wapi?"

"Ghalani, shemeji."

"Tangulia basi. Na ukiegemea mti na hilo tumbo lako, utaokota mwenyewe."

Walikuja na viatu vya kanisani. Tulichuma kwa viganja viwili, kama watu wanaotoa mayai chini ya kuku mkali. Hakuna aliyeimba. Jua lilipokuwa linashuka, mistari ya miti ya mbali ilikuwa bado haijachumwa, na kila mti ulikuwa umezungukwa na wekundu wa matufaha yaliyoanguka.

Bogna aliuliza kama lori litajaa.

"Nusu," Lucjan alisema. "Upepo ukitulia."

Sote tukasimama, tukasikiliza. Kisha tufaha likaanguka nyuma yangu, na jingine, nikainua ndoo.