Jina la Pili kwenye Bima

Kila mara gari lilipokaribia tuta, mguu wa mke ulikanyaga sakafu. Upande wake hapakuwa na breki, ni zulia la mpira tu lililochakaa, lakini mguu haukukoma. Mapajani alipakata keki ya harusi, mikono ameizungushia kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa.

"Taratibu, Fundi," alisema. Watu wote walimwita mumewe Fundi kwa sababu ya kutengeneza majokofu, na yeye naye alizoea kumwita hivyo.

"Nimeliona."

Alipunguza mwendo, na moyoni alifurahi kuombwa. Safari hizo alizipenda kuliko alivyowahi kukiri. Kazi ya majokofu ilikuwa imedorora. Watu waliona afadhali kutupa la zamani na kununua jipya. Nyumba ilisimama kwa keki. Jikoni yeye alikuwa mwosha masufuria, akipishana na mkewe kwa kuomba radhi. Lakini akishika usukani, alikuwa mtu. Bila yeye, keki ile isingefika popote, na mwenye keki vivyo hivyo.

Ndiyo maana mke aliporudi siku moja na leseni ya kujifunzia, uso umenawiri, akamwomba apite kwa wakala wa bima aongeze jina lake kwenye bima ya gari, Fundi aliitikia kwa kichwa na kuitia leseni ile kwenye mfuko wa shati. Hakwenda. Alizunguka mjini, akanywa chai mahali, akarudi jioni.

"Wamekataa," alisema, akimrudishia leseni yake. "Hawataki mwanafunzi. Tena ukigusa usukani likatokea la kutokea, bima yote inakufa, na sisi tunaishia mahakamani."

Maneno yalitoka laini, yamenyooka, hata mwenyewe akayashangaa. Mke alisimama kidogo na mwiko mkononi, kisha akageukia bakuli lake.

"Basi. Ndivyo walivyo."

Hakulitaja tena. Uongo ule ulikaa nyumbani mwao kama mgeni aliyezoeleka: hakuna aliyeuliza ulikuja lini, wala utaondoka lini.

Wiki nyingi baadaye, mama mkwe, ambaye alikuwa akiishi nao, alianguka asubuhi moja akitandika kitanda. Fundi alikuwa nje ya mji, kwenye bucha moja kubwa iliyoharibikiwa chumba cha baridi, na mwenye bucha ndiye aliyemchukua kwa gari lake. Gari la nyumbani lilibaki uani. Alipofika hospitali alimkuta mkewe kwenye benchi, unga umemkaukia hadi viwikoni. Mama alipona, ila upande wa kushoto ukawa mzito na mkono wake haukuhisi kitu tena. Daktari alisema, bila kumlenga mtu, kwamba angewahishwa pengine mkono ungeokoka. Fundi aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu.

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mke alisema, "Twende wote kwa watu wa bima. Nitawaeleza habari za mama. Nao wana mama zao."

Fundi akasema ana kazi. Siku nyingine akasema leo wamefunga. Kisha gari likawa linahitaji matengenezo kwanza. Visingizio vikamwishia kama sabuni, wakaenda.

Ofisi ilikuwa chumba kidogo juu ya duka la rangi. Feni ilipepea kwa nguvu, kila rundo la karatasi limekandamizwa kwa jiwe. Wakala alikuwa binti mchangamfu mwenye miwani. Mke alikuwa amevaa gauni lake la kutokea, na njiani midomo ilikuwa ikichezacheza, anapanga maneno.

"Dada, tumekuja kuomba," alianza, akasimulia yote, tangu kitanda kilichokuwa kikitandikwa hadi benchi la hospitali.

Wakala alisikiliza, uso ukizidi kujaa mshangao. "Pole sana, dada. Lakini hili halina haja ya kuombwa. Mwenye gari akikubali, tunaongeza jina lako, malipo yanapanda kidogo, basi. Sharti ni mwenye leseni kamili akae pembeni yako mpaka ufaulu. Mbona hamkuja mapema?"

"Mume wangu alikuja. Aliambiwa haiwezekani."

"Na nani? Hapa niko peke yangu tangu ofisi ifunguliwe." Alimgeukia Fundi, bila ubaya, kama anayetaka kumsaidia kukumbuka. "Ulizungumza na mimi, kaka?"

Fundi aliyatazama mawe mezani. Masikio yalimwaka. Uongo wa pili ulikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, umenolewa sawasawa na wa kwanza, na utayari ule ulimwaibisha kuliko swali lenyewe.

"Labda alipiga simu," mke alisema. Hakumtazama mumewe. "Simu nazo, wakati mwingine hazisikiki vizuri."

"Hilo linawezekana," alisema wakala, akavuta kalamu.

Alikuwa amemsitiri. Mbele ya mtu baki, kwa tabasamu lile alilowapa wateja wasumbufu, alichukua aibu ya mumewe akaifunika. Angemtukana, Fundi angejua pa kuweka uso. Alitia sahihi kila mahali kidole cha wakala kilipoonyesha.

Nje, mke alinyoosha kiganja. Fundi akampa ufunguo. Walibandika vibandiko vya mwanafunzi, mbele na nyuma, kisha mke akasogeza kiti na kuliondoa gari polepole. Kwenye njia panda likazimika, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Kanyaga klachi," Fundi alisema. "Washa tena."

Akawasha. Walipovuka soko alisema, macho yake barabarani, "Siku ile nilimpakia mama. Nilimkokota mpaka kiti cha nyuma, nikawasha, nikafika getini. Nikakumbuka uliyosema kuhusu mahakama. Nikazima, nikaenda kugonga milango ya watu."

Fundi alipandisha kioo cha dirisha, akakishusha tena.

"Ningeanza kipindi kile, ningekuwa na leseni kamili. Niambie tu kwa nini."

Alilitafuta jibu la mtu mzima, akalikosa. "Niliona utakwenda bila mimi."

Mke aliingiza gia, ikakwaruza, akairudia.

"Ningekwenda," alisema. "Kisha ningerudi."

Wakafika nyumbani. Mama alikuwa ameketi kibarazani, shuka magotini. Alimwona bintiye akishuka upande wa dereva, na nusu ya uso wake ikacheka.

"Nimemwona," alimwambia Fundi, maneno yakitoka kwa kukatikakatika. "Nilijua... hutamnyima, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Mke aliwapita akaingia ndani. Maji yakasikika jikoni, yakafungwa. Hakuna sufuria iliyolia, hakuna kabati lililofunguliwa. Kwa jinsi kulivyonyamaza, alikuwa amesimama tu.

Fundi alikaa kwenye ngazi, akaushika mkono wa kushoto wa mama mkwe. Ulikuwa na joto. Aliubana, na mama hakutambua kwamba ameshikwa.

"Mama," alisema.

Mama mkwe akainamisha kichwa upande wake, amsikie vizuri.