Elementi Kwenye Harusi ya Salomia

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha sufuria kilikuwa kikigongagonga jikoni kwa Bibi Veturia. Ndani mlichemka nyama iliyoviringishwa kwa majani ya kabichi, chakula cha harusi ya mjukuu wake, Salomia. Tibor, mtoto wa marehemu mumewe kwa mke wa kwanza, aliamka akakitegea kifuniko kijiko ili bibi apate kulala kidogo.

Kazi ya kualika alikuwa amepewa jirani yao, Pamfil. Alipita nyumba kwa nyumba na chupa ya pombe ya plamu, na kila nyumba ikamnywesha. Alipofika shuleni hakutofautisha tena mtu na picha. Aliingia chumba cha kemia, akavua kofia mbele ya jedwali la elementi lililotundikwa ukutani, akasema, "Jumamosi, familia zote, bila kukosa."

Aliyealikwa kwa chupa hakatai. Jumamosi walikuja, kila familia na watu wake. Gesi adimu walikaa peke yao, hawakumgusa mtu wala chakula. Sodiamu aliombwa akae mbali na jagi la maji. Alicheza dansi moja na Klorini, wakawa chumvi, na Bibi Veturia akawatia kwenye saladi ya matango.

Pamfil ndiye aliyepanga viti. Ndugu wa bibi harusi, Waromania, aliwaweka dirishani pamoja na metali. Ndugu wa bwana harusi, Wahungari, aliwaweka ukutani pamoja na wasio metali. Akabaki Tibor, aliyembeba Salomia mgongoni kwenda shule wakati wa theluji, na ambaye siku hiyo alitaka jambo moja tu: kukaa naye meza moja.

"Mama yake Mhungari," wakasema wa dirishani. "Huyo wenu."

"Baba yake Mromania. Mchukueni wenyewe!"

"Mjomba atakaa na mimi," Salomia alisema.

"Bibi harusi hapangi viti," Pamfil akamjibu. "Tulia, shela itaanguka."

Akampeleka Tibor karibu na mlango wa jikoni, walikokwisha kuwekwa nusu-metali, ambao hung'aa kama metali lakini hawana tabia zao. Arseniki, kwa kuwa ni sumu, hakuruhusiwa kugawa supu. Teluri, mzaliwa wa milima ya karibu, alinuka kitunguu saumu.

"Samahani kwa harufu," Teluri alisema.

"Hapa ni jikoni, kaka. Nani atajua?"

Teluri akammegea mkate, ile sehemu laini ya katikati.

"Na wewe wanakuambiaje?" akamuuliza.

"Kwamba mimi ni wa wale wengine."

"Hata mimi."

Bibi Veturia alitoka na sinia. "Pamfil, mwanangu, watoto wa maharusi hawa utawakalisha wapi?"

Pamfil aliutazama mlango wa jikoni, akapima kwa macho.

"Tutaongeza benchi, bibi."

Wapiga fidla wakaanza. Salomia alikuja akala keki yake amesimama kando ya mjomba wake, mpaka alipoitwa.

Jioni elementi walirudi kwenye ukuta wa chumba cha kemia. Tibor alimsindikiza Teluri hadi lango la shule.

"Njoo tena Jumapili," alimwambia. "Nyumbani kwetu meza ni moja tu."