Hewa Kwenye Breki ya Oyoo

Oyoo alifika kwenye kibanda cha fundi, Ngara, asubuhi kwa gia ya kwanza, miguu ikining'inia karibu na lami, tayari kusimamisha pikipiki kwa soli za viatu. Juzi alikuwa ameanguka Kitisuru. Si ajali ya kusimulia: gari kubwa jeupe lilitoka getini kinyumenyume bila honi, likamsukuma, akalala kwenye maua ya wenyewe. Goti lilichubuka. Tangu hapo mkono wa breki ya mbele ulikuwa unabonyea kama avokado iliyoiva.

Jambo hilo lilimnyima usingizi. Kila siku humbeba mkewe, Joyline, mwenye mimba ya miezi minane, kutoka Adams Arcade hadi kwenye nyumba anazofulia nguo, huko huko Kitisuru, na mteremko wa mwisho hauna huruma.

"Sasa, Namalwa."

"Poa. Ilianguka?"

"Kidogo tu."

"Nyote huanguka kidogo," akasema fundi, akachukua spana.

Mkono wa breki ulikuwa umepinda, akaunyoosha. Bado laini. Akapapasa mpira wa mafuta kama unavuja, mkavu. Akachungulia pedi za breki, bado nene. "Basi ni hewa," akasema. Akachomeka kijipira cheupe kwenye breki, ncha yake nyingine akaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo. "Finya. Shikilia hapo." Akalegeza skrubu.

Povu la kwanza likapanda chupani, likapasuka. "Samahani, madam," likasema, kwa sauti ya Oyoo mwenyewe.

La pili likasema, "Ni makosa yangu." La tatu, "Pole kwa maua."

Namalwa hakuinua kichwa. "Wewe ndio uligongwa, na bado ukaomba msamaha?"

"Gari ilikuwa kubwa," akajibu Oyoo.

"Ndio huwa hivyo. Hewa ya hizo samahani lazima iingie mahali. Kuna jamaa nilimtolea ya kule Karen kwa matajiri, yote ilisema kwa Kizungu. Finya tena."

Samahani zilikuwa nyingi, ajabu! Nyingine zilikuwa za zamani, kabla ya pikipiki yenyewe: ndio mkubwa, haitarudia mkubwa. Muuza soksi wa jirani akaomba wapunguze sauti, ana wateja. Mwishowe mafuta yakatoka matupu, kimya. Oyoo akafinya, mkono wa breki ukagoma katikati, mgumu. Akacheka peke yake pale kibandani, moyo ukatulia.

Kesho yake wakateremka Kitisuru, Joyline amemshika kiuno. Gari jeupe likatoka getini vilevile, kinyumenyume, bila honi. Oyoo akafinya. Breki ikashika. Wakasimama, kiganja kimoja tu kutoka mlango wa gari.

"Asante Yesu," akasema Joyline, mikono tumboni. Mtoto akapiga teke, mzima kabisa. Oyoo nusura alie kwa furaha.

Kioo cha gari kikashuka. "Nyinyi watu wa boda hamuangaliangi mbele?"

"Samahani, madam," akasema Oyoo.

Chini ya vidole vyake mkono wa breki ukabonyea tena kidogo. Joyline aliyekaa nyuma akasikia pikipiki ikisogea, akashusha pumzi.

"Jumamosi tupitie kwa Namalwa," akasema.

"Sawa," akajibu mumewe, akangoja gari lipite kwanza.